Maziwa Yaliyokataa Kulala: Kisa cha Kisauni

Siku 9 kabla ya Ramadhani, mama mmoja anayetengeneza mtindi Kisauni alifunua sufuria zake baada ya swala ya alfajiri akakuta bado ni maziwa. Yalikuwa mazito kidogo, kama uji wa mgonjwa, na pembezoni yameachia majimaji ya manjano. Jioni yake alikuwa ameyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, akatia mbegu, yaani mtindi kidogo wa jana, akafunika, akazungushia blanketi. Ndivyo afanyavyo kwa miaka 11 sasa, na kwa joto la Mombasa hata hilo blanketi ni mazoea tu.

Kila mwenye kazi hii amewahi kupata sufuria moja iliyomkataa. Lakini hizi zilikuwa sufuria tatu, lita 62 kwa jumla, na wateja wa mwezi mtukufu walikuwa wameshaanza kuweka oda. Nakisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila aliyehusika alikuwa na jibu lake, na majibu yote ya mwanzo, langu likiwemo, hayakuwa sahihi.

Yeye alilaumu mbegu kwanza. Si neno la ovyo: mbegu ikitolewa kwenye mtindi wa jana, na wa jana ukatoka kwa wa juzi, huchoka, na vijidudu vyake hupungukiwa nguvu. Akanunua yogati mpya dukani, ile isiyo na sukari wala matunda, akaanza upya. Asubuhi ya pili hali ikawa ile ile. Siku ya tatu akafanya jambo ambalo mtu wa maabara angelifanya mwanzo kabisa: akanunua pakiti mbili za maziwa ya muda mrefu, akayatia mbegu ile ile, katika sufuria ile ile, chini ya blanketi lile lile. Kwa saa tano yakawa yameganda, ukiyachota kwa kijiko yanakatika. Mbegu ilikuwa nzima basi. Ndipo akanipigia simu.

"Daktari, haya maziwa yana nini?"

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupima maziwa, lakini huku kwetu mtu akionekana na vichupa karibu na ng'ombe hupewa cheo hicho, nami nimeshachoka kukikataa. Nikamuuliza mchuuzi anayemletea maziwa anaosha mitungi yake kwa kitu gani. Kwa klorini, akasema. Nikajiona nimeshafika: klorini ikibaki kwenye mtungi huua mbegu ya mtindi kama inavyoua vidudu vingine. Nikaagiza mitungi isuuzwe mara tatu kwa maji safi, nikakata simu kwa raha zangu. Asubuhi ya nne sufuria zikakataa tena. Kubahatisha kwangu kwa simu kulimgharimu mama wa watu siku nzima na maziwa ya siku nzima.

Mchuuzi mwenyewe, kijana wa pikipiki, alikuwa na utetezi ulionikaa kichwani. "Yakhe, mimi nabeba lita 90. Hizi 62 za mama, zilobaki nampelekea mwenye mkahawa wa chai. Mbona wa chai halalamiki?"

Alidhani swali lile linamtoa lawamani. Kumbe ndilo lililonifumbua macho. Mkahawani maziwa hufanya kazi moja tu: yachemke bila kukatika. Kwa mama wa mtindi yana kazi nyingine, yahifadhi vijidudu hai na kuviacha vizaliane. Kitu ambacho chai haikioni na mtindi unakiona ni kitu kinachozuia vijidudu. Na mchuuzi alikuwa amepima maziwa yake kila siku, sikatai. Ana laktomita ya kugundua maji, na ana spiriti ya kugundua maziwa yaliyoanza kuchacha. Maziwa yenye dawa ya kutibia ng'ombe hupita vipimo vyote viwili bila shida. Hayana harufu wala ladha ya kuyasaliti, rangi yake ni ile ile nyeupe.

Tukaamkia Utange, maziwa yanakotoka, siku ya tano, mimi nyuma ya pikipiki na mfuko wa chupa. Wafugaji watano, chupa tano, kila moja na namba yake, kabla maziwa hayajamiminwa pamoja. Hapo ndipo penye shida ya biashara hii: yakishaingia kwenye pipa moja hakuna tena maziwa ya fulani. Kuna maziwa tu.

Kipimo tulichokifanya jikoni kwa mama hakihitaji maabara. Chukua maziwa ya kila mfugaji kando, yachemshe, yapoze, yatie kiasi kile kile cha mbegu, yaweke katika chupa za ukubwa mmoja ndani ya beseni moja la maji ya uvuguvugu. Ongeza chupa ya maziwa ya pakiti uliyokwisha kuyathibitisha, iwe ya kulinganishia. Kisha ngoja. Tulingoja mpaka adhuhuri. Chupa ya 1, ya 2, ya 3, ya 5 na ile ya pakiti ziliganda. Ya 4 ukiiinamisha ilicheza kama ilivyotoka kwa ng'ombe.

Mama akapiga kofi. "Nani huyu?"

Nikamwomba asubiri. Chupa moja iliyokataa inaonyesha kwamba kuna kizuizi, haionyeshi kizuizi gani. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutoa vizuizi vyake vya asili ndani ya maziwa, ingawa kuchemsha kwa kawaida huviondoa, na sisi tulichemsha. Maziwa ya siku za mwanzo baada ya kuzaa huwa na tabia kama hiyo. Wengine, kwa kuogopa joto la njiani, hutia kemikali ya kuzuia kuchacha. Nikabeba chupa namba 4 na wenzake wawili kwenda nao kwenye maabara ninapofanyia kazi.

Kipimo chetu cha kawaida ni kichupa chenye chakula kilichoganda kama jeli, ndani yake mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, pamoja na rangi ya zambarau. Bakteria huyu hupenda joto kali na huogopa penisilini kupita kiasi, na ndiyo sababu akachaguliwa. Unadondosha maziwa, unakiweka kichupa kwenye nyuzi 64 kwa saa tatu hivi. Bakteria akikua hutoa asidi, rangi hugeuka njano, na maziwa yamefaulu. Rangi ikibaki zambarau, kuna kilichomzuia. Chupa mbili zilitoka njano. Namba 4 ilibaki zambarau, wala haikuonyesha dalili ya kugeuka. Kijiti cha kupima haraka kikasema dawa ni ya ukoo wa penisilini na si tetrasaiklini, ile sindano ya rangi ya kahawia ambayo wengi wetu tungeitaja kwanza kwa jinsi inavyotumika sana kwa magonjwa ya kupe.

Niseme jambo kidogo la historia, kwa sababu mama wa Kisauni hakuwa wa kwanza. Penisilini ilianza kutiwa kwenye viwele vya ng'ombe katika miaka ya 1940, na mara tu ikienea, kelele za kwanza kubwa kuhusu masalia yake ndani ya maziwa zilitoka kwa watengeneza jibini wa Ulaya na Marekani, ambao mbegu zao zilianza kufa bila sababu ya kuonekana. Anayechachisha maziwa huwa anafanya kipimo cha dawa kila siku bila kujijua, na hasara ya wote humwangukia yeye.

Sasa mfugaji. Nilitarajia kumkuta mtu wa aina ninayoifahamu: anajua ng'ombe ana dawa, anajua asiuze, anauza, akiulizwa anaapa. Nilimkuta mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, ana ng'ombe watatu bandani, majani yamekatwakatwa vizuri, sakafu imeoshwa. Nilimwamkia, akanikaribisha maji ya dafu kabla hajauliza nimetumwa na nani. Nilipomwambia, hakubisha.

"Ni kweli nilimtibu yule mwekundu. Kiwele kilivimba upande mmoja, maziwa yakatoka mabongemabonge. Nimemtia tyubu ya dawa chuchuni asubuhi tatu. Muuzaji akanambia usiuze siku tatu. Mwanangu, siku tatu nimemwaga. Uliza jirani, ameniona nikimwaga."

Jirani alimwona. Basi tuna mtu aliyetibu, akauliza, akaambiwa, akatii, na maziwa yake bado yana dawa siku kadhaa baadaye. Hapo nikamwomba nione tyubu yenyewe. Alikuwa ameichomeka kwenye makuti ya banda, tupu, kama watu wanavyohifadhi vitu vinavyoweza kuhitajika. Nikaifuta vumbi nikasoma.

Haikuwa dawa ya ng'ombe anayekamwa. Ilikuwa ya ng'ombe aliyekaushwa.

Kwa asiyefuga: ng'ombe wa maziwa hupumzishwa kukamwa karibu miezi miwili ya mwisho wa mimba. Ndiko kumkausha. Siku anapokaushwa, wengi humtia kila chuchu tyubu ya dawa iliyotengenezwa makusudi ikae kiweleni kwa majuma, ilinde kiwele wakati hakikamwi. Mara nyingi ni kloksasilini, mwana wa ukoo wa penisilini aliyeundwa astahimili kimeng'enya ambacho vijidudu sugu vya kiwele hukitumia kuivunja penisilini ya kawaida. Dawa hiyo hufungwa kwa chumvi nzito isiyoyeyuka upesi, ikachanganywa na mafuta, ili itoke kidogokidogo. Tyubu ya ng'ombe anayekamwa hujengwa kinyume chake: iingie, iue, itoke. Muda wake wa kusubiri huhesabiwa kwa saa au siku chache. Ya kukausha huhesabiwa kwa majuma, na lebo yake hukataza waziwazi kumtia ng'ombe aliye kwenye maziwa. Sindano za plastiki za aina zote mbili zafanana kama pacha.

Nikamuuliza mzee kama alisoma. Alisoma, tena bila miwani. Kiingereza cha bandarini hakijamtoka. Akaniwekea kidole juu ya maneno yale mawili yanayosema ng'ombe mkavu, akaniambia kwa utulivu kabisa: "Si ndiyo? Upande ule maziwa yalikuwa yamekauka. Nikaona hii ndiyo yake."

Sikuwa na la kumjibu kwa muda. Ukiyachukua maneno yale yalivyo, tafsiri yake si ya kijinga hata kidogo.

Tufanye hesabu, maana wengi huniuliza: ng'ombe mmoja, chuchu moja, maziwa yamechanganywa na ya wafugaji wanne wengine, dawa si imeshapotea humo? Tyubu ya aina ile ina takriban miligramu 500 za kloksasilini. Tatu ni 1,500. Tuseme asilimia 2 tu ya hizo imetoka kwenye maziwa ya siku moja, yaani miligramu 30. Zimwage katika lita 90 za mchuuzi. Unapata mikrogramu 330 hivi kwa kila lita. Kiwango cha juu wanachokubali Umoja wa Ulaya kwa kloksasilini ni mikrogramu 30 kwa kilo. Umezidi mara 11, na hayo ni maziwa yaliyokwisha kuchanganywa. Asilimia 2 ni makisio yangu, wala sing'ang'anii. Punguza nusu, bado umezidi mara tano. Penisilini ya kawaida ina ukali zaidi: kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni mikrogramu 4 kwa kilo, kwa hiyo gramu moja ya penisilini yaweza kufikisha kilo 250,000 za maziwa kwenye ukomo huo.

Kuchemsha? Mama wa mtindi alichemsha kila siku, na mwenye mkahawa alichemsha mpaka chai ikawa nyekundu. Moto huua vidudu. Dawa si kidudu. Hupungua kiasi, kwa kutegemea aina ya dawa na muda wa moto, lakini haikupungua ya kutosha kuokoa hata sufuria moja.

Kuhusu waliokunywa chai, sitaki kutisha watu. Kikombe kimoja cha maziwa yale hakimdhuru mtu wa kawaida kwa namna ataiona. Mwenye mzio wa penisilini ni habari nyingine: yeye aweza kutoka vipele au kubanwa pumzi bila kujua kilichomfika, maana nani atashuku chai? Na kuna lile la polepole, la vidudu vilivyo matumboni mwetu kuonjeshwa dawa kidogokidogo mpaka vikaizoea, ili siku mtoto akiugua kweli dawa isishike. Hayo siwezi kuyaonyesha katika kisa hiki. Sufuria tatu naweza.

Lawama basi. Mchuuzi alimtaka mzee alipe hasara yote, na nusu ya Utange ilikuwa upande wake. Mama alitaka mzee aachwe, maziwa yake yasikusanywe tena. Nilipinga yote mawili, na hapa natoa maoni yangu, si matokeo ya kipimo. Kati ya watu wote katika mnyororo huu, mzee ndiye pekee aliyeuliza swali kuhusu muda wa kusubiri kabla hajauza. Alimuuliza asiyestahili kuulizwa, muuza duka, kwa sababu muuza duka ndiye aliyekuwepo. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari na wasaidizi wa mifugo imesema nani aruhusiwe kutibu mnyama Kenya, lakini kumwita daktari Utange kwa ng'ombe mmoja ni gharama inayozidi tyubu mara kadhaa, na mzee ana pensheni. Ukimwadhibu huyu kwa kuwa amesema kweli, wale wanne wenzake wamekaa wanatazama. Mara nyingine ng'ombe wao akivimba kiwele watajua la kufanya: wanyamaze.

Hasara yenyewe haikuwa ndogo. Yule mwekundu alikuwa akitoa lita 9 kwa siku. Tulimpima kila baada ya siku tatu, na kichupa kilibaki zambarau mpaka siku ya 26 tangu tyubu ya mwisho. Tukaongeza siku mbili za tahadhari. Siku 28 kwa lita 9 kwa shilingi 70 alizokuwa akilipwa ni shilingi 17,640. Toa zile tatu alizokwisha kumwaga, bado ni shilingi 15,750 za maziwa yasiyofaa kuuzwa, kwa dawa ya bei ya soda chache. Akaniuliza kama ampe ndama maziwa hayo. Nikamwambia hapana, kwa sababu ile ile ya vidudu kuizoea dawa. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa mara mbili. Nadhani ndivyo alivyokuwa.

Mwisho wa yote mama alilainika, si kwa hoja zangu. Mzee alifika Kisauni mwenyewe kwa matatu, na tende kilo mbili, siku mbili kabla ya mwezi kuandama, akasema, "Mwanangu, nisamehe, nimekuharibia." Mama akamwambia ng'ombe wawili waliobaki alete maziwa yao, ila kwa mtungi wao peke yao. Hasara ya sufuria wakagawana mama na mchuuzi. Mchuuzi hakupenda. Alikubali kwa kuwa mama ndiye anayenunua lita 62.

Siku hizi mchuuzi hubeba vichupa vitano vidogo. Kila mfugaji humwekea maziwa kidogo kabla hajamimina pipani, na vichupa hivyo hukaa kwa mama mpaka mtindi wa siku hiyo ugande. Ukikataa, kuna pa kuanzia. Ng'ombe aliyetibiwa hufungwa kitambaa chekundu mguuni, kwa ajili ya kijana anayekuja kukamua asubuhi wakati mwenye nyumba amelala. Kitambaa hicho kimesaidia zaidi ya vichupa, kwa maoni yangu. Bandani Utange mwenye sindano, mwenye kukamua na mwenye kuuza ni watu watatu tofauti, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake chochote.

Nilipita pia kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji ni kijana mpole, hakuwa na ubishi. Alishusha boksi la zile tyubu kutoka kwenye rafu zilimokuwa zimekaa pamoja na za ng'ombe wanaokamwa, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa: SI YA NG'OMBE ANAYEKAMWA. Akalirudisha, rafu ya chini safari hii. Nikamshukuru. Nikiwa bado mlangoni akaingia mteja, mama mmoja na kikapu, akaulizia dawa ya kiwele. Kijana akamuuliza anatibu ng'ombe wa aina gani, akasikiliza, akampa ile inayofaa. Tyubu moja. Aliitoa ndani ya boksi, akaizungushia kipande cha gazeti, akampa. Boksi likabaki rafuni na maelezo yake yote.